Troli ya nanga kwenye kayaki: maswali yenu na majibu

SWALI: Assalam aleikum bwana. Mimi niko Kilifi, nilinunua kayaki ya mtumba, ile ya kukalia juu, plastiki ngumu, futi 12. Navulia ndani ya kriki, saa zingine nasogea mpaka karibu na daraja. Nanga nilikua nafunga kwenye mshikio wa ubavuni hapa karibu na kiti sababu ndo pahali mkono unafika. Bas juzi maji yanapwa kwa nguvu, nimetia nanga, kayaki ikageuka ikakaa mapana, ikaanza kulala upande wa kamba, maji yakaingia mpaka mapajani, nikakata kamba kwa kisu cha chambo, nanga ikapotea huko. Jamaa akanambia nahitaji kitu inaitwa troli. Ni kitu gani hasa, ninunue iliyo tayari ama nijitengenezee, na ni lazima nitoboe kayaki? Kutoboa naogopa kusema kweli. Na nanga niweke kilo ngapi?

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu, na pole sana. Kwanza umefanya jambo la maana, umekata kamba. Wengi wanapoteza dakika hapo wakihangaika kuokoa nanga ya pesa kidogo huku chombo kinalala. Nakuelewa manake mimi yalinikuta hayo hayo Mtwapa, nanga nimeifunga ubavuni, kamba imekaza mpaka inalia kama uzi wa gambusi, na kila nikiegemea upande wa pili kuinua ubavu, maji ndo yanazidi kusukuma. Toka siku hiyo kila mtu anayeniuliza habari za kayaki ya kuvulia swali langu la kwanza ni nanga umeifunga wapi.

Tuanze na kwa nini ilikua vile, ukishaelewa hapo mengine yote yanakua rahisi. Kayaki ni nyembamba, maji yakija kwa omo, yaani mbele, ama kwa tezi, yaani nyuma, yanapasuka yanapita zake, lakini yakija ubavuni yanakutana na ukuta wa futi 12, yanausukuma wote kwa pamoja. Sasa wewe umeufunga ukuta huo kwa kamba katikati, na kamba inavuta kwenda chini kwa sababu nanga iko chini, kwa hivo ubavu unaotazama mkondo ndo unaozamishwa. Maji yakishapanda juu ya ubavu uzito unaongezeka, unazama zaidi, maji yanapanda zaidi. Hapo hakuna ufundi wa kukaa, hata awe nani atapinduka.

Dawa ni moja tu, kamba ya nanga ivutie ncha ya chombo, omo ama tezi, isivutie kati kamwe. Tabu ni kwamba kwenye kayaki umekaa katikati na huwezi kuinuka kwenda mpaka omo kufunga kamba kama mtu wa mashua. Ndo troli ikaja. Ni kamba nyembamba ya mzunguko inayopita ubavuni kwenye kapi mbili, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, moja karibu na omo na moja karibu na tezi, na kwenye huo mzunguko kuna pete. Kamba ya nanga unaipitisha ndani ya pete hapo hapo ulipokaa, alafu unavuta mzunguko na pete inatembea mpaka nchani ikiwa imebeba kamba ya nanga. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na pete ndo hivo, inaenda tezi, inaenda omo, na ukitaka kuondoka inarudi mkononi mwako.

Habari ya kununua ama kutengeneza: tengeneza. Nasema hivi sababu zile za pakiti nyingi ninazoziona kamba ni sawa, lakini kapi ni ndogo za chuma cha kawaida, na chuma hicho kwenye maji ya chumvi ya huku kwetu miezi michache tu kishakua kahawia na gurudumu halizunguki, na troli isiyotembea siku unayoihitaji ni bora usingekua nayo. Vitu vyenyewe si vingi. Kapi mbili ndogo za stenlesi, uliza ile ya namba 316 ndo ya baharini, ama za nailoni kabisa. Pete moja ya stenlesi inene, iwe laini ndani isije ikakata kamba. Kamba ya mzunguko milimita 4 mpaka 5, iwe poliesta, usichukue nailoni kwa kazi hii manake ikilowa inavutika na mzunguko unalegea. Urefu, pima kutoka kapi hadi kapi uzidishe mara mbili uongeze mita moja ya mafundo, kwa futi 12 zako kapi zitakua kama mita 3 mbalimbali, kwa hivo mita 8 zinatosha na zinabaki. Alafu vipande viwili vya kamba ya mpira, ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, kila kimoja shubiri moja, na kliti moja, kile kijipembe cha kuzungushia kamba ama kile cha meno kinachoibana.

Hizo kamba za mpira watu wanaziacha na ndo roho ya troli. Kapi usiifunge moja kwa moja kwenye chombo, ifunge kwa mpira. Plastiki ya kayaki ikipigwa jua inatanuka, jioni inanywea, mzunguko uliokaza asubuhi mchana unavuta kama uta na jioni unaning'inia na kukamata kafi. Mpira unameza yote hayo. Na wimbi likija la ghafla, mpira unapokea kwanza kabla nguvu haijafika kwenye plastiki.

Sasa kutoboa. Nimefurahi kuona unaogopa, anayeogopa ndo anapima vizuri. Habari njema ni kwamba mashimo yanaweza kua mawili tu. Kayaki za kukalia juu karibu zote zina mshikio wa kubebea huku omo na huku tezi, na hiyo ilishafungwa na kiwanda kwa nguvu ya kubeba chombo kizima. Kapi zako fungia hapo kwa ile mpira, hujatoboa kitu. Kinachobaki ni kliti karibu na kiti.

Ya kliti fanya hivi. Weka kayaki chini kivulini, panda ukae, vaa na laifu jaketi yako kabisa manake inabadilisha mkono unafika wapi. Funga macho, peleka mkono ubavuni bila kugeuza kiuno. Pale vidole vilipotua ndo pahali pa kliti, piga alama. Upande uwe ule ambao huingizii samaki, ukiwa unapandishia samaki kulia basi troli iwe kushoto, usije ukachanganya nyavu, samaki na kamba pahali pamoja. Kabla ya kutoboa ingiza mkono kwa kile kifuniko cha ndani uguse kama unafika nyuma ya alama. Ukifika tumia bolti na nati na washa pana, na nyuma weka kipande cha plastiki ngumu, mimi nilikata ubao wa kukatia mboga, ule mweupe wa plastiki, vipande viwili vya vidole vitatu kila kimoja, unagawa nguvu vizuri sana. Kama mkono haufiki basi ni riveti za kuchanua, zile mguu wake unafunguka kama ua kwa ndani, usitumie riveti za kawaida za mabati, kwenye plastiki zinachomoka.

Bandika tepu kwenye plastiki ndo utoboe juu ya tepu, drili haitateleza. Anza na kijiti chembamba cha drili ndo uje na kile cha saizi yenyewe, na kwenye kijiti zungushia tepu sentimita 2 kutoka nchani iwe alama ya kusimama, usije ukapitiliza ndani. Kabla hujakaza paka silanti ya boti kwenye tundu na chini ya kliti. Lakini jua plastiki hii haishiki gundi karibu yoyote, kinachozuia maji ni kule kubanwa, silanti ni kama gasketi tu. Na kukaza ukaze mpaka silanti ichungulie pembeni bas, ukiendelea plastiki inabonyea na baadae inapasuka.

Kwenye nanga chukua ya kukunja ya kucha nne, kilo moja na nusu. Zipo za robo tatu ya kilo, hizo ni za ziwani na maji yaliyolala, kwenye kriki inayopwa itakokotwa kama mfuko. Weka na mnyororo mita moja kati ya nanga na kamba, mnyororo ndo unaolaza nanga ili kucha zing'ate mchanga. Kamba ya nanga hapo sasa nailoni ni nzuri, kule kuvutika kwake kunasaidia, milimita 6, mita 25 ama 30.

Hapa nataka nikae kidogo sababu ndo watu wa pwani wanakosea wakifuata maelezo ya watu wa maziwani. Wanakwambia toa kamba mara 3 ya kina. Sawa, lakini kina cha saa ngapi? Huku kwetu maji ya bamvua, yale makubwa, yanapanda zaidi ya mita 3. Umetia nanga maji yamekupwa, kina mita 2, umetoa kamba mita 6, umekaa unavua, samaki wanakula, umesahau. Maji yakijaa kina ni mita 5 na kamba yako bado ni 6. Imesimama karibu wima. Hapo mambo ni mawili, ama nanga ing'oke uanze kuchukuliwa, ama nanga imekwama kwenye jiwe na inaanza kuvuta tezi yako chini wakati maji yanapanda, na hiyo ya pili ndo mbaya. Kwa hivo hesabu kina cha maji yakijaa, na kila nusu saa angalia kamba imelala vipi. Siku ya kwanza ya troli yako usiende bamvua kabisa, ngoja maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo unakua mpole.

Kutumia sasa. Pete iwe karibu yako, pitisha kamba ya nanga ndani ya pete, usiifunge kwenye pete, inapita tu na kurudi kwenye kliti yako. Shusha nanga polepole kwa mkono usirushe, ikigusa chini vuta mzunguko pete iende nchani, ndo utoe kamba taratibu na ubane. Kwenye wimbi peleka omo, omo ndo imeumbwa kupasua wimbi. Kriki imetulia peleka tezi, utakua umetazama mkondo unakokwenda na mshipi wako unaenda mbele yako mbali na kamba ya nanga. Mkondo ukiwa mkali chini ya daraja usitie nanga, nakwambia kama mdogo wangu, hapo hakuna troli inayosaidia, na ni njia ya maboti pia.

Kuondoka usivute pete ije kati huku kamba imekaza, utajirudishia ile ile hatari ya juzi. Piga kafi kuelekea nanga ilipo mpaka kamba ilegee, ndo uvute pete, ndo upandishe nanga.

Na mwisho wa kamba ya nanga funga boya dogo, liwe jembamba la kupita ndani ya pete. Boti likija ama kolekole akikukimbiza, unafungua kliti, unatupa kamba na boya lake, unaondoka, ukirudi unaikuta inaelea. Lile jambo la kisu usiliache, lakini kitoke kwenye kikapu cha chambo kije kifuani kwenye jaketi. Kabla hujaenda kuvua, nenda pahali maji yanakufika kiunoni, tia nanga, ufanye hilo la kuachia mara kumi, macho wazi na macho yamefungwa, mpaka mkono ujue wenyewe.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Dar, Kunduchi, troli ninayo na inafanya kazi vizuri sana, namshukuru aliyenifungia. Shida yangu nanga inakwama mawe, nshapoteza mbili. Kuna siku nilivuta mpaka kayaki ikaanza kuinama nikaacha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada. Ulipoacha ulifanya vyema, usivute nanga iliyokwama kwa nguvu ya mwili ukiwa umeinama upande mmoja. Kuna njia nyepesi na inagharimu kebo tai moja, zile za plastiki za mafundi umeme. Angalia nanga yako, nyingi zina tundu juu pale unapofunga kamba na zingine zina tundu jingine chini kwenye kitako kucha zinapotokea. Mnyororo ufunge kwenye tundu la chini, alafu upandishe kando ya fimbo ya nanga, na pale kwenye tundu la juu ubane kwa kebo tai nyembamba moja. Siku zote nanga inavutwa kutoka juu kama kawaida. Ikikwama, piga kafi upite juu yake uende upande wa pili, bana kamba kwenye kliti, acha uzito wa chombo uvute, kebo tai inakatika, nanga inavutwa kutoka kitakoni na kucha zinachomoka kinyumenyume. Ukifika pwani weka kebo tai nyingine. Chukua nyembamba kabisa, nene hazikatiki na utakua umerudi pale pale.

Lakini dada kuna jambo moja niliseme sababu linaniuma. Kama nanga inakwama kila siku huko Kunduchi basi mara nyingi si mawe, ni matumbawe, na kila ukiitoa nanga unavunja kitu kilichokua kwa miaka mingi sana, na hapo ndo tewa na changu wanapokulia. Tafuta mabaka ya mchanga, jua likiwa juu yanaonekana rangi ya maziwa katikati ya weusi, tia nanga hapo na uachie kamba ikusogeze mpaka ukingoni mwa mwamba, mshipi utafika. Mbudya na Bongoyo usivue kabisa, ni hifadhi za bahari tangu 1975.

Na ukisema inafanya kazi vizuri, nakuomba uiangalie pete. Ipitishe kidole ndani, ukisikia kijimfereji kamba ilikolala, ibadilishe.

SWALI: Habari za huko nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga ila naishi Houston, Texas, wikendi nashuka Galveston kuvua West Bay. Kayaki yangu ni ya kujaza upepo kwa hiyo kutoboa haiwezekani kabisa. Maji ni mafupi, saa ingine hayafiki magotini, chini tope. Troli naweza kuweka? Na nanga gani?

JIBU: Nzuri ndugu, salamu kwa Watanga wote wa Houston. Maji yako ni tofauti kabisa na ya huku, Galveston kujaa na kupwa hakufiki hata mita moja, kinachowasumbua nyinyi ni upepo, hasa ule wa kaskazini wa msimu wa baridi, unaweza kuyatoa maji kwenye ghuba ukabaki umekaa juu ya tope.

Kwa maji ya magotini nanga usihangaike nayo, wewe unahitaji upondo, ile fimbo ndefu ya kuchomeka chini. Huko wanauza wa faibaglasi, futi 6 mpaka 8, una mshikio wa msalaba juu, kamba fupi ya mita mbili unaifunga kwenye mshikio. Unachomeka kwenye tope, kamba unaipitisha kwenye pete ya troli, unapeleka tezi, umetulia. Hakuna kelele ya chuma na hakuna mnyororo wa kutifua tope, kwenye maji mafupi hivo samaki anasikia kila kitu.

Troli kwenye kayaki ya upepo unafunga bila tundu hata moja. Nunua viraka vyenye pete, vile vya gundi vya maboti ya upepo, vinne, viwili vya kapi na viwili vya kuongoza kamba karibu na kiti. Kwanza hakikisha kayaki yako ni PVC manake gundi ya PVC haishiki kwenye mpira. Jaza upepo, safisha pahali pa kiraka kwa spiriti, paka gundi pande zote mbili, subiri kidogo inate kwenye kidole, ndo ubandike na usugue na kijiko kutoka kati kwenda pembeni, usiache hewa. Alafu usiguse masaa 24. Pahali pa kliti tumia karabina, ile pete ya kufunguka, iliyofungwa kwenye kimoja cha hivyo viraka viwili vya karibu na kiti, inatosha kwa mkondo wenu.

Usifunge mzunguko kwa nguvu kwenye kayaki ya upepo, hewa ikipata joto inajaa na viraka vitaanza kunyanyuka pembeni. Na upondo uutoe kabla ya kugeuza chombo, maganda ya chaza ya huko ni makali kama wembe, ukikokotwa mapana juu yake hutarudi na upepo ndani.